Mguu wa mbele wa pikapu unakula faida ya mpunga wako: kagua haya kabla ya kupakia

Somo la leo ni la gari, ila usiruke hata kama huna gari. Kama unanunua mpunga Chita au Mlimba na kuupeleka Ifakara, wewe tayari unalipia springi, bushi na boljointi za mtu. Unalipia kwenye nauli ya gunia, au unalipia siku gari inapolala njiani na mzigo wako ukiwa juu.

Msimu wa mpunga ukishaanza kushuka kutoka mashambani, maongezi yetu ya usafiri ni bei tu. "Gunia shilingi ngapi mpaka Ifakara?" Tukikubaliana tunapakia. Nani aliyewahi kuinama akaangalia tairi la mbele kabla ya kutaja bei? Wachache sana. Leo tuiname.

Neno langu ni moja. Mguu wa mbele wa pikapu ya dizeli unaliwa na kila safari, kama dizeli yenyewe inavyoliwa. Tofauti ni kwamba dizeli ikiisha gari inasimama hapo hapo, mguu ukiisha gari bado inatembea. Kwa hiyo mwenye gari anaona ana faida, kumbe anakula hela ya spea. Na mwenye mzigo anaweka mtaji wake wote juu ya chuma ambacho hajakiona.

MGUU WA MBELE NI VITU GANI?

Twende taratibu, hata kama hujawahi kushika spana utaelewa.

Springi ndiyo inayobeba uzito. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi, maana springi ikigonga shimo ikaachwa yenyewe itarukaruka kama mpira. Boljointi ni goroli ya chuma iliyofungiwa ndani ya kikombe. Ndiyo inayoshika tairi kwenye gari huku ikiruhusu tairi kukata kona na kupanda na kushuka. Tairodi ni vyuma vinavyopeleka usukani wako mpaka kwenye tairi. Bushi ni raba zilizoingizwa kwenye maungio ya vyuma ili chuma kisigongane na chuma kingine. Halafu kuna beringi za tairi, zinazofanya tairi lizunguke laini.

Kwenye hivyo vyote, springi na shokapu zikifa gari inakusumbua. Boljointi au tairodi ikifa, gari haikusumbui tena, inakuangusha. Boljointi ikichomoka tairi linalala pembeni na pua ya gari inakwenda chini. Tairodi ikichomoka unageuza usukani na tairi halikusikii. Fikiria hiyo itokee kwenye daraja, juu ya magunia kuna vijana wawili wa kupakia wamekaa. Hapo hatuongelei tena hasara ya mpunga.

MZIGO UKO NYUMA, MBONA MBELE NDIYO INAKUFA?

Hili swali naulizwa sana dukani. Mtu anasema mimi napakia nyuma, sasa boljointi za mbele zinaisha kwa nini? Sababu zipo, na zote unazikuta barabara yetu.

Ya kwanza, mbele hakujawahi kuwa kwepesi. Injini ya dizeli ni nzito. Chukua Land Cruiser Mkonga yenye injini ya 1HZ, ile ya silinda 6 na lita 4.2. Hilo ni dude la chuma, na linakaa mbele muda wote, hata gari ikiwa tupu. Ongeza bampa la chuma alilochomelea mwenye gari, ongeza betri mbili. Mguu wa mbele unaamka asubuhi ukiwa tayari umebeba.

Ya pili, ukizidisha mzigo nyuma gari inainua pua. Utaiona usiku, taa zinamulika matawi ya miembe badala ya barabara. Pua ikiinuka, vyuma vya mbele vinakaa kwenye pembe ambayo havikutengenezewa kukaa. Usukani unakuwa mwepesi, na dereva anafurahia. Halafu dereva akikanyaga breki au tairi likiingia kwenye shimo, uzito wote ule unakimbilia mbele kwa mpigo mmoja. Kila shimo ni nyundo.

Ya tatu ni mwendo. Wale waliosoma fizikia sekondari mnakumbuka: mwendo ukizidi mara 2, nishati ya kugonga inapanda mara 4. Kwa hiyo shimo lile lile ulilopita kwa 20, ukilipita kwa 40 halikupigi mara mbili, linakupiga mara nne. Dereva anayekimbiza ili arudi kuchukua tripu ya pili anaongeza tripu na anapunguza miezi ya gari.

Ya nne ni mawimbi ya barabara ya vumbi, yale madogo madogo yanayofanya meno yagongane. Pale shokapu inapanda na kushuka bila kupumzika, mafuta ya ndani yanapata moto na kutoa povu. Povu haliwezi kutuliza springi. Wakati huo shokapu ipo, ila haifanyi kazi, na mtikisiko wote unahamia kwenye bushi na boljointi.

Ya tano ndiyo ya kwetu zaidi, maji na tope. Vijito vinavyotoka milima ya Udzungwa vinashuka na kukatiza upande wetu huu kuingia bondeni. Masika barabara ina madimbwi, kiangazi ina vumbi la unga. Boljointi na tairodi zimefunikwa na raba ndogo ya kuzuia uchafu. Raba ile ikichanika, mchanga unaingia ndani, unachanganyika na grisi, na grisi inageuka msasa. Tena kuna jambo wengi hawalijui: ukiingia kwenye maji wakati habu za tairi zina moto, hewa ya ndani inapoa ghafla, inasinyaa, na inavuta maji kuingia kupitia sili zilizochoka. Ukifika kwenye maji mengi baada ya mwendo mrefu, simama kidogo, magurudumu yapoe, ndiyo uvuke.

MKWARUZO MDOGO TU

Mtu anaweza kusema hizi ni hadithi za kuuza spea. Haya, twende Marekani. Mwaka 2005 Toyota yenyewe iliyaita magari zaidi ya 750,000 ya Marekani, zikiwemo pikapu za Tacoma za mwaka 2001 mpaka 2004, kwa sababu ya boljointi za mbele. Tatizo lilikuwa kwamba uso wa goroli ungeweza kuwa umekwaruzika wakati wa kutengenezwa. Mkwaruzo ule unafanya jointi ilike haraka na kulegea, na mwisho wake tairi linaweza kuachia.

Ona sasa. Wenzetu wana lami, kampuni ilikuwa tajiri na gari zilikuwa za juzi juzi, na bado mkwaruzo kwenye goroli ulitosha kurudisha magari yote hayo gereji. Wewe raba ya boljointi imechanika toka mwezi wa 3, mchanga wa Kilombero unaikwaruza goroli kila siku, halafu unasema itafika tu mwisho wa msimu?

KILA GARI NA UGONJWA WAKE

Mkonga, yaani Land Cruiser pikapu ya 79, mbele ina ekseli nzima ya chuma. Tangu mwaka 1999 mbele wameiwekea springi za kuzunguka, zile za kabla yake zilikuwa za bapa. Ni gari ngumu, haina boljointi za kubeba tairi kama za Hilux. Badala yake pale tairi linapokatia kona kuna beringi mbili, moja juu na moja chini, ndani ya kikombe kilichojaa grisi. Adui wake ni maji. Ukiona ule mpira wa chuma nyuma ya tairi umelowa grisi inayotiririka, sili zimekwisha. Grisi ikiwa nyeupe kama uji wa maziwa, maji yameshaingia. Dalili nyingine ni usukani kutetemeka vibaya baada ya kugonga shimo, mpaka upunguze mwendo ndiyo unatulia. Watu wengi wanakimbilia kubadili ile shokapu ndogo ya usukani. Inaficha ugonjwa kwa muda. Mwambie fundi aangalie beringi hizo, bushi za vyuma vinavyoishika ekseli, tairodi, na balansi ya matairi.

Hilux za zamani zenye mguu unaojitegemea kila upande zinatumia toshenibaa, ile fimbo ndefu ya chuma inayojipinda badala ya springi. Hapa kuna mchezo mmoja nauonya sana. Pua ya gari ikilala, fundi anakaza bolti ya toshenibaa gari inapanda juu, inapendeza, inauzwa. Haijapona. Boljointi na raba za ekseli za mbele sasa zinafanya kazi zikiwa zimepinda muda wote, na zitachanika mapema. Ukinunua Hilux ya mkononi na imesimama juu kuliko wenzake, uliza kwa nini.

Hilux za kuanzia mwaka 2005 zina springi ya kuzunguka na shokapu ndani yake. Zinatulia vizuri barabarani, ila zina boljointi, bushi za amu na raki ya usukani, na vyote hivyo vinahitaji jicho. Raba za raki zikichanika na maji ya tope yakaingia, hiyo spea bei yake si ya mchezo.

Canter siyo pikapu ila najua wengi mnapakia humo. Mbele ina springi za bapa na kingipini. Kingipini inataka grisi mara kwa mara kupitia kale kachuchu. Unapiga mpaka grisi mpya itokeze na ya zamani itoke. Kopo la grisi ni hela ndogo ukilinganisha na kubadili kingipini na bushi zake.

UKAGUZI WA DAKIKA 20

Huu anaweza kuufanya yeyote mwenye jeki, tochi na msaidizi mmoja. Ufanye gari ikiwa tupu, sehemu tambarare, tairi za nyuma zimewekewa mawe mbele na nyuma. Usiingize mwili chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi au gogo imara.

1. Angalia tairi za mbele zinavyoliwa. Zimeliwa upande wa ndani tu au wa nje tu? Kuna kitu kimelegea au alaimenti imekwisha. Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi kwenda ndani, halafu kurudi nje. Kama upande mmoja ni laini na kurudi inakwaruza, tairi linaburuzwa. Kama kuna vibonde vibonde, shokapu imechoka au tairi halina balansi.

2. Simama mbele ya gari, uitazame kwa mbali. Upande mmoja umelala kuliko mwingine? Springi imechoka au imekatika.

3. Tazama shokapu. Ikiwa imelowa mafuta na vumbi limeganda juu yake, imevuja. Njia nyingine: baada ya safari ya barabara mbovu, gusa shokapu zote mbili kwa uangalifu, zisikuunguze. Shokapu inayofanya kazi inapata joto. Moja ikiwa na joto na nyingine ya baridi, ile ya baridi imelala kazini.

4. Gari ikiwa chini, msaidizi auchezeshe usukani kidogo kidogo, kushoto na kulia, bila kukata kona yote. Wewe piga tochi kwenye tairodi. Pale chuma kimoja kinapotembea na kinachofuata kinachelewa, pameisha.

5. Inua tairi. Shika juu na chini, tikisa kwa kusukuma na kuvuta. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki kisha tikisa tena. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi ya tairi. Mchezo ukibaki, mtazame boljointi, au beringi za kikombe kama ni Mkonga, au kingipini kama ni Canter.

6. Shika tairi kushoto na kulia, tikisa. Hapa unatafuta tairodi na usukani.

7. Piga tochi kwenye kila raba. Iliyochanika, iliyovimba au yenye grisi nje, iandike. Angalia na kotapini za boljointi na tairodi. Ukikuta msumari au waya wa kufungia fensi umewekwa badala ya kotapini, simamisha kila kitu hapo.

Kuhusu boljointi kuna siri moja. Fundi akiweka jeki sehemu isiyo sahihi, springi inaendelea kuibana jointi na hata jointi mbovu itaonekana nzima. Muulize swali hili tu: "Fundi, hapa jointi imebeba uzito au haijabeba?" Fundi anayejua atakujibu moja kwa moja na atakuonyesha. Anayebabaika, mshukuru, nenda kwa mwingine.

UKIBADILI, BADILI HIVI

Boljointi, shokapu na springi badili kwa jozi, kushoto na kulia. Ukiweka mpya upande mmoja gari itavuta na ile mpya itabeba kazi ya mwenzake.

Unaponunua spea, usitazame boksi peke yake, boksi linachapishwa popote. Chukua ile ya zamani uende nayo dukani. Linganisha unene wa shina, nyuzi za nati, na urefu. Zungusha goroli kwa mkono: boljointi mpya inatakiwa iwe nzito kiasi kuzungusha na isigotegote. Ikiwa imelegea ikiwa mpya, usiichukue. Raba iwe laini na imekaa vizuri kwenye mfereji wake. Omba risiti yenye jina la spea na tarehe. Muuza duka anayekataa kuandika risiti amekwambia jambo.

Boljointi ya mtumba sishauri. Springi ya mtumba unaweza kuiangalia kwa macho ukaona ufa, lakini ndani ya kikombe cha boljointi huoni kitu.

Bushi za raba zina kanuni yake. Bolti zake zikazwe mwisho kabisa gari ikiwa imesimama kwa matairi yake chini. Fundi akizikaza tairi zikiwa zinaning'inia, raba inabaki imejipinda siku zote na inachanika mapema. Ni jambo la dakika 5 na linakuongezea maisha ya bushi.

Ukishabadili boljointi au tairodi, alaimenti ni lazima. Fundi wa kijijini atapima kwa kamba ili ufike mjini, na hiyo ni sawa kwa kufika. Ukifika penye mashine, pima. Seti ya matairi mapya yanayoliwa upande kwa miezi michache ni hela nyingi kuliko alaimenti.

HESABU: ITOE KWENYE KILA GUNIA

Sasa tuongee biashara. Hizi namba ni za mfano, weka za kwako.

Tuseme umemuuliza fundi, na kurudisha mguu wote wa mbele, yaani boljointi, tairodi, bushi, shokapu, na hela ya ufundi, ni shilingi 600,000. Tuseme pia kwa barabara yetu unakadiria itafika safari 60. Gawa: 600,000 kwa 60 ni shilingi 10,000 kila safari. Ukibeba magunia 10, ni shilingi 1,000 kwa kila gunia.

Hiyo 1,000 siyo faida yako. Ukishusha mzigo Ifakara na kulipwa, itoe siku hiyo hiyo uitume kwenye laini tofauti ya simu au umpe mtu anayetunza kikoba. Usiiache mfukoni, mfukoni ina miguu. Daftari lako liwe na safu nne: tarehe, kilo ulizobeba, umetoka wapi kwenda wapi, na akiba ya mguu wa mbele. Baada ya msimu mmoja utakuwa na namba zako mwenyewe, hutakisia tena kwamba ni safari 60.

Upande wa pili, piga hesabu ya kutokutenga. Chukulia gari imekatika boljointi kati ya Mngeta na Mbingu saa 11 jioni. Unatafuta gari nyingine ya kuokoa mzigo, na dereva wake anajua umekwama, bei anapanga yeye. Unalipa vijana kushusha na kupakia upya. Usipoipata gari, unalipa mlinzi wa usiku. Mvua ikinyesha, mpunga umelowa na mnunuzi anashusha bei. Boljointi ikichomoka huwa inaondoka na vingine, inaweza kuchana raba ya ekseli, kukata mpira wa breki na kupinda bodi. Wakati mwenye gari anasubiri spea, wapakiaji wake wanahamia kwa mwingine. Hapo imekula kwake, na kwako pia.

GARI HAIHESABU MAGUNIA, INAHESABU KILO

Pikapu nyingi za aina ya Hilux zimetengenezwa kubeba kama tani moja, na kwenye hiyo tani dereva na abiria wamo. Magunia 10 ya kilo 80 ni kilo 800. Ongeza watu watatu, tayari unakaribia mwisho. Sasa wewe unapandisha 20, hizo ni kilo 1,600 bila watu. Na kama ni lumbesa, gunia moja linapita kilo 100, unakuwa na zaidi ya tani mbili na bado unasema "ni gunia 20 tu". Lumbesa inamuibia mkulima, hilo tunalijua, na sheria ya vipimo inaikataza. Ila kumbuka inamuibia na mwenye gari, maana analipwa kwa gunia huku mguu wa gari unalipa kwa kilo.

Ushauri wangu kwa wenye pikapu: anzeni kutoza kwa kilo. Mizani ya kuning'iniza haishindi bei ya shokapu mbili. Mwenye lumbesa atapunguza gunia mwenyewe akiona analipia kilo zake.

Kwenye kupanga, magunia mazito yakae mbele, yabanane na kabini, na yasirundikane mkiani nyuma ya ekseli. Mkia ukizidi, pua inainuka na yale yote niliyosema yanaanza. Na watu wasikae juu ya magunia.

KAMA UNAKODI TU

Huna gari, sawa. Kabla ya kutaja bei fanya haya manne, hayachukui dakika 10.

Zunguka mbele, tazama tairi mbili kama nilivyoeleza. Omba dereva auchezeshe usukani ukiwa umechuchumaa pembeni na tochi ya simu. Muulize mara ya mwisho amebadili nini mbele na lini, mwenye kutunza gari anakumbuka. Halafu mkubaliane kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha: gari ikiharibika njiani, gharama ya kuhamisha mzigo ni ya nani?

Atakayekasirika kwa maswali hayo, muache aende. Na atakayekujibu vizuri, usimkandamize bei mpaka ashindwe kununua grisi. Ukimlipa nauli isiyotosha spea, atakuja msimu ujao na gari ile ile, mguu ule ule, na mzigo utakaokuwa juu ni wako.

Kwa wenye magari, msisubiri mpunga uanze kumiminika ndiyo mtafute fundi. Wakati huo gereji zimejaa na bei ya spea inapanda. Fanyeni ukaguzi mwezi wa 5 barabara zikianza kukauka, rudieni kila baada ya safari 10, na kila mkivuka maji yaliyofika katikati ya tairi. Hifadhi hii post, mtumie na dereva wako. Kesho asubuhi kabla hajawasha gari, mwambie akuonyeshe raba za boljointi za mbele, zote, moja moja.